Likeni na fangasi: tunavyopima maabara, na kwa nini usizichemshe ukanywa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Wiki hii nimetumiwa picha ileile na watu watatu tofauti: chupa ya maji ya kijani, pembeni kifurushi cha nyuzi za kijivu zilizochumwa kwenye miti ya milimani, na maneno kwamba ni dawa ya fangasi, mapunye na utando mweupe mdomoni. Mmoja wa walionitumia ni shangazi yangu, na alikuwa ameshaanza kunywa. Ndiyo sababu naandika leo, tena kwa kirefu.

Kazi yangu ni maabara ya mikrobiolojia, na utafiti wangu wa shahada ya pili ulikuwa juu ya vitu hivyohivyo. Kwa hiyo sitasema ni uongo mtupu. Kuna kitu cha kweli ndani yake, ila njia ya kutoka kwenye mti mpaka kwenye dawa ni ndefu, na aliyejaza ile chupa hakuipita.

Tuanze na zile nyuzi. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amezipita: ukitoka Mandara kuelekea Horombo, miti ya erika imevaa ndevu za kijani-kijivu zinazoyumba kwenye ukungu. Wengi huzidhania majani au ukoka wa mti. Ni likeni, jenasi ya Usnea. Likeni ni kuvu (yaani fangasi) iliyoweka mwani, au sianobakteria (bakteria wanaopika chakula kwa jua), ndani ya mwili wake. Kuvu inajenga nyumba na kushika unyevu, mwani unapika chakula kwa jua. Mswisi Simon Schwendener alilisema hilo mwaka 1867, na wataalamu wengi wa likeni wa wakati wake walimpinga kwa miaka mingi. Leo aina zinazojulikana ni kama 20,000. Nyingine zimebana juu ya jiwe kama rangi iliyomwagika, nyingine zina umbo la majani, nyingine ndizo hizo ndevu.

Kiumbe kinachokaa mahali pamoja miongo mingi, hakikimbii, hakina gome, kinaliwa na konokono na kushambuliwa na bakteria na kuvu wengine, lazima kiwe na silaha. Likeni hutengeneza kemikali ambazo karibu zote huzikuti kwa mimea ya kawaida, na zaidi ya 1,000 zimeshatambuliwa. Maarufu kuliko zote ni asidi ya usniki, ile inayoipa Usnea rangi ya kijani-njano. Mjerumani Knop aliitenga mwaka 1844. Nyingine ni atranorini, asidi ya lekanoriki, asidi ya evernia, asidi ya vulpiniki. Hiyo ya mwisho hutoka kwenye likeni ya njano kali, Letharia vulpina, ambayo Skandinavia waliisaga na kuitia kwenye nyama ili kuua mbwamwitu. Msomaji alikumbuke hilo kila anapoambiwa "ni ya asili, haina madhara".

Mwaka 1944 Mmarekani Paul Burkholder na wenzake walionyesha kwamba vipande vya likeni vinazuia bakteria kwenye sahani. Tangu hapo watu wamepima mamia ya aina, kwanza dhidi ya bakteria, baadaye dhidi ya kuvu. Kwa bakteria wa kundi la Gramu chanya, kama Staphylococcus, asidi ya usniki ni kali kweli. Kwa kuvu matokeo yanapanda na kushuka, na kuna sababu. Seli ya kuvu inafanana na ya kwetu kuliko seli ya bakteria inavyofanana nayo: ina kiini, ina mitokondria, yaani vijiwanda vya nguvu vya seli. Ukipata sumu inayoua kuvu, mara nyingi umepata sumu inayomgusa mgonjwa pia. Ndiyo maana makundi ya dawa za fangasi tulizonazo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ndiyo maana Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari 19, juu kabisa wakiwa Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans.

Kwa hiyo kutafuta kwenye likeni ni kazi ya maana. Naipenda na nitaitetea. Naombeni tu tuongee namna ya kuitafuta. Swali lolote karibu.

#2

Asante kwa uzi, mkuu. Ila kuna kitu hakijaniingia. Umesema likeni yenyewe ni kuvu. Sasa kuvu itatengenezaje sumu ya kuvu bila kujiua?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, na hata mimi nililiuliza siku ya kwanza. Kuvu hawana undugu wa kulindana. Wanagombea jiwe lilelile, gome lilelile. Griseofulvini, kidonge ambacho watoto wetu wamepewa kwa mapunye miaka yote, ilitengwa mwaka 1939 kutoka kwa Penicillium, yaani kuvu. Kaspofungini inayotundikwa kwenye dripu hospitali kubwa nayo asili yake ni kuvu. Kwa likeni, kemikali nyingi hukaa nje ya nyuzi za kuvu kama vijiwe vidogo visivyoyeyuka kwenye maji, nyingine kwenye ngozi ya juu, nyingine katikati. Ukiitazama kwa hadubini unaviona vijiwe hivyo vimeganda juu ya nyuzi.

Hapo ndipo chupa ya maji ya kijani inapoanguka. Asidi ya usniki haiyeyuki kwenye maji kwa kiwango cha maana: chini ya gramu 0.01 kwa mililita 100, wakati asetoni inayeyusha karibu gramu 0.77. Kikundi cha Branislav Ranković cha Chuo Kikuu cha Kragujevac, Serbia, kimepima likeni nyingi dhidi ya kuvu kwa miaka mingi, na dondoo (kile kinachotolewa kwenye likeni kwa kuiloweka) za asetoni na methanoli ndizo zilizofanya kazi zaidi, zile za maji zikabaki nyuma. Anayechemsha anapata rangi, anapata wanga wa likeni unaofanya maji yawe mazito kama uji mwepesi, na silaha aliyoifuata inabaki kwenye makapi anayoyamwaga.

#4

Mimi ni mwanafunzi mwaka wa nne, baiolojia. Nimepewa mada hii kama mradi wa mwisho. Msimamizi ameniambia nifanye disiki (kikaratasi cha mviringo chenye dondoo) kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, nipime duara lisiloota kuvu, niandike. Je, inatosha?

#5 Mleta uzi

Karibu sana mdogo wangu. Haitoshi, na nitakueleza nilivyojifunza kwa uchungu.

Sahani yangu ya kwanza ya Candida albicans ilitoka na duara wazi kubwa kuzunguka disiki ya dondoo. Nililala nimefurahi, nikampigia mama. Asubuhi niliyofuata mwenzangu mkubwa kazini akaniuliza disiki ya asetoni tupu iko wapi. Sikuwa nimeiweka. Nikarudia, safari hii nikiweka disiki yenye asetoni peke yake bila kuiacha ikauke, kama nilivyofanya kwa dondoo. Nayo ikatoa duara. Wiki tatu za kazi zilikuwa zimepima kiyeyushi. Kwa hiyo kidhibiti cha kiyeyushi, yaani disiki ya kulinganishia yenye asetoni tupu, kitangulie, likeni ifuate. Disiki iache ikauke kabisa kabla ya kugusa agari.

Tatizo la pili liko kinyume chake. Agari ni maji yaliyogandishwa. Kitu kisichoyeyuka kwenye maji hakitembei ndani ya agari, kinabaki chini ya disiki kimekaa. Unapata duara dogo, au hupati kabisa, ukaandika "haina nguvu", kumbe haikusafiri. Duara linapima mambo mawili kwa pamoja, nguvu na mwendo, na huwezi kuyatenganisha kwa rula. Disiki ni ya kuchuja haraka. Jibu linatoka kwenye mchuzi, yaani maji yenye chakula cha kuoteshea kuvu, ndani ya visima vidogo vya kisahani.

Ninavyofanya mimi: likeni inakaushwa kivulini, joto la chumba, siyo juani wala kwenye oveni. Unaitazama chini ya hadubini na kutoa gome, moss, wadudu, na likeni nyingine zilizojibanza humo, kwa sababu aina tatu zinaweza kuishi kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja. Unasaga, unaloweka kwenye asetoni, unachuja, unakausha kiyeyushi mpaka kiishe, unapima uzito wa kilichobaki. Hicho unakiyeyusha kwenye DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji.

Halafu kisahani cha visima 96. Safu ina visima 12. Visima 10 vya kwanza unaweka dondoo kwa kupunguza nusu kwa nusu: mikrogramu 512 kwa mililita, 256, 128, hivyo hivyo mpaka 1. Kisima cha 11 kuvu bila dondoo, lazima iote. Cha 12 mchuzi mtupu, lazima ubaki safi. Safu nyingine nzima ni DMSO peke yake kwa kiwango kilekile, na kisizidi asilimia 1 mwishoni. Safu nyingine flukonazoli, dawa ya fangasi inayojulikana. Safu nyingine aina ya kuvu ya kuhakiki, Candida parapsilosis ATCC 22019, ambayo dunia nzima inajua flukonazoli inaizuia kwenye kiwango gani. Ikitoka nje ya kiwango hicho, kisahani chote unatupa, hata kama dondoo yako imependeza.

Mchuzi ni RPMI 1640, pH 7.0, na mbegu ya kuvu iwe seli 500 hadi 2,500 kwa mililita. Ukimwaga seli nyingi utaona dawa dhaifu, ukiweka chache utaona dawa kali. Baada ya saa 24 kwenye nyuzijoto 35 za Selsiasi unasoma. Kisima cha mwisho kisicho na ukuaji ndicho kiwango kidogo kabisa cha kuzuia, MIC kama wanavyokiandika.

Na usisome kwa macho tu. Dondoo ya likeni ina rangi na hujigandisha chini ya kisima, inaonekana kama kuvu imeota. Ongeza resazurini: bluu ikigeuka waridi, kuna uhai. Kisha chukua tone kutoka visima visivyoota, panda kwenye agari safi ya Sabouraud. Ikiota, dondoo ilizuia tu. Isipoota, iliua.

#6

Nimekusoma kuanzia Kitui, Kenya. Huku kwetu kuvu tunayoiogopa ni ya mahindi. Mwaka 2004 tulizika watu kwa ajili ya sumukuvu. Je, likeni zinaweza kusaidia kwenye ghala?

#7 Mleta uzi

Pole sana, dada au kaka. Mwaka ule wagonjwa 317 walihesabiwa Kenya na 125 wakafariki, wengi wakitoka Makueni na Kitui. Nasi Tanzania yalitufika mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Kuvu yenyewe ni Aspergillus flavus, na dondoo za likeni zimepimwa dhidi yake maabara, baadhi zikaizuia.

Lakini sitakupa tumaini nisilolishika mkononi. Kuzuia kuvu isiote na kuzuia isitoe sumu ni mambo mawili. Kuna dawa kwa kiwango kidogo huibana kuvu nusunusu, nayo kwa mfadhaiko ikatoa sumu zaidi. Anayepima kwa ajili ya ghala lazima apime aflatoksini, ile sumukuvu yenyewe, siyo uzito wa ukungu peke yake. Pia hesabu likeni inavyokua: zile za kubana juu ya jiwe wengi wao hawafiki milimita moja kwa mwaka, na zenye majani ni milimita chache tu. Gunia moja la likeni ni msitu uliovuliwa nguo. Kwa mahindi, kukausha hadi unyevu usizidi asilimia 13 na kuyaweka juu ya chaga au kwenye mifuko isiyopitisha hewa kunaokoa watu leo hii.

#8

Mimi niko Unguja. Babu alikuwa akisema zamani kulikuwa na biashara ya ukoga wa miti uliokuwa ukipelekwa Ulaya kwa rangi. Ndiyo hizi?

#9 Mleta uzi

Ndizo, na nashukuru sana kwa kumbukumbu ya babu. Ni Roccella, hasa Roccella montagnei, inayoning'inia kwenye miti ya pwani, hata mikokoni. Karne ya 19 ilisafirishwa kwa marobota kutoka Zanzibar na pwani yote hii kwa ajili ya rangi ya zambarau, mpaka rangi za viwandani zilipoiua biashara. Karatasi ya litmasi tuliyochovya kwenye ndimu shuleni asili yake ni Roccella pia. Ndani yake kuna eritrini na asidi ya lekanoriki, na India wameipima dhidi ya vijidudu. Kama kuna likeni ambayo watu wa pwani tungestahili kuipima wenyewe, ni hiyo, maana tuliwahi kuiuza kwa uzito bila kujua ina nini.

Ila usichume kando ya barabara kuu. Likeni haina mizizi, inakunywa hewa na mvua na kila kilichomo. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 nyama ya kulungu wa kaskazini ilijaa seziamu yenye mionzi kwa sababu wale wanyama wanakula likeni. Ya barabarani itakupa madini ya risasi pamoja na asidi.

#10

Mkuu, mbona hujasema madhara? Shangazi amefikia wapi?

#11 Mleta uzi

Shangazi ameacha, na amekubali kwenda kupima ini. Alikuwa na hasira na mimi siku mbili.

Madhara ni haya. Asidi ya usniki inavuruga kazi ya mitokondria: chakula kinaungua, nguvu haitengenezwi, inatoka kama joto. Kwa sababu hiyo iliwahi kuuzwa Marekani ndani ya vidonge vya kupunguza uzito. Novemba 2001 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa onyo baada ya watumiaji kupata madhara ya ini, wengine ini likafa kabisa. Hao walikuwa watu wazima wenye afya.

Ndiyo maana kipimo cha kuvu bila kipimo cha seli za binadamu ni nusu ya kazi. Chukua kiwango kinachoua nusu ya seli za binadamu, gawanya kwa MIC. Ukipata 1 au 2, umegundua sumu. Unataka namba kubwa, 10 na kuendelea, ndipo uanze kuongea. Na tazameni vipimo: makala nyingi zinaandika likeni fulani "ina nguvu" kwa miligramu 1 kwa mililita. Candida albicans inayosikia dawa huzuiwa na flukonazoli ya mikrogramu 2 au chini. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000, mara 500. Dondoo ghafi ina vitu vingi, kwa hiyo molekuli safi inaweza kuwa bora zaidi, lakini mtu asikudanganye kwa kubadilisha kizio.

Na mapunye ya kichwani, wazazi mnisikie: kuvu imeingia ndani ya unywele. Kupaka tu, iwe likeni au krimu ya duka la dawa, hakuifikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari.

#12

Kwa hiyo hata ikifaulu, likeni zitaisha kabla hatujapona?

#13 Mleta uzi

Zingeisha, kama tungezivuna. Njia iliyonipa moyo ilitoka mwaka 2021: watafiti walichukua jeni kutoka likeni Pseudevernia furfuracea, wakaiingiza kwenye hamira, hii hii ya mandazi, Saccharomyces cerevisiae, nayo hamira ikatengeneza asidi ya lekanoriki. Mwaka huohuo wengine walifanya hivyo kwa atranorini ndani ya kuvu nyingine. Maana yake tunahitaji vipande vichache tu vya likeni, vilivyotambuliwa sawasawa. Kutambua ndiko kunakotuangusha hapa kwetu. Ukiandika "Usnea sp." hakuna atakayeweza kurudia kazi yako, maana aina mbili zinazofanana kwa macho zina kemia tofauti. Tumieni vipimo vya matone (potasi, klorini ya kufulia), kisha kromatografia ya sahani nyembamba (njia ya kutenganisha kemikali), na ufunguo, yaani kitabu cha kutambulia, wa Swinscow na Krog wa 1988 kwa likeni kubwa za Afrika Mashariki. Vibali kabla ya kuchuma, hasa hifadhini. Sampuli moja iachwe kwenye hebaria (hifadhi ya sampuli zilizokaushwa), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa, ikiwa na namba.

#14

Dada, ni mimi mwanafunzi wa #4. Nimerudi baada ya wiki tano. Asetoni tupu niliyoikausha haina duara. Flukonazoli ina duara zuri. Dondoo yangu ya likeni Parmotrema haina kitu kwa Candida, marudio yote matatu. Msimamizi anasema nibadilishe mada. Nimevunjika moyo.

#15 Mleta uzi

Usibadilishe. Umeniandikia sahani yenye vidhibiti vyote vikiwa mahali pake, na hiyo mimi sikuwa nayo mwaka wangu wa kwanza. Andika "hakuna duara kwa mikrogramu kadhaa kwa disiki", taja uzito kamili, taja kiyeyushi, taja mti na mwinuko uliochuma. Kisha peleka dondoo ileile kwenye visima kabla ya kuihukumu, kwa sababu ya lile suala la mwendo ndani ya agari. Na ujaribu Trichophyton, maana kuvu wa ngozi hawana tabia ya Candida. Wape siku nne mpaka saba, wanaota polepole. Resazurini ninayo ya ziada. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha unieleze uko mkoa gani, nitakutumia kwa basi.